TFC na memwari: juri inapima nini kabisa?

Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi, simu zetu zinajaa mapicha ya wandugu wenye wamemaliza kutetea TFC ao memwari. Suti, maua, kitabu kimeshikwa kwa mikono mbili, na chini yake: "Distinksyo! Mungu ni mwema!" Mimi pia naandika hongera, na naandika kwa roho yote, juu najua bei ya ile siku. Lakini kuko swali moja lenye sijaonaka mtu analiuliza: huyu ndugu, kwa ile miezi yote ya utafiti, amejifunza nini? Na wale watatu wenye walikaa mbele yake, wamejuaje?

Nitaongea sana juu ya agronomi, maana njo kazi yangu. Nilimaliza lisansi kwenye mfumo wa zamani: gradua miaka mitatu na TFC, kisha miaka miwili na memwari. Leo niko na kikundi kimoja cha wakulima wenye kuzalisha mbegu ya maharagi hapa Kivu, na kila saizoni B tunapokea wanafunzi wa staji. Wanapanda majaribio yao kwetu, wanavuna, wanarudi chuoni kuandika. Wakinialika, naenda kusikiliza siku ya kutetea. Kwa hiyo naona pande zote mbili, shamba na meza ya juri, na kusema kweli pande hizo hazijuani.

Fishi za juri zenye nimeona zinafanana. Kuko pointi za maandishi, pointi za kueleza, pointi za kujibu maswali, na fasi ya kusaini. Maswali yenyewe unayajua. "Ukurasa wa 17, jina la Kilatini la maharagi haukuliinamisha." "Huyu mwandishi wa ukurasa wa 9, mbona haonekane kwenye bibliografia?" "Hipoteze yako ya pili imethibitishwa ao haikuthibitishwa?" Sisemi hayo ni ya bure. Mtu mwenye hawezi kuandika jina la mmea vizuri, ataandika nini kingine vizuri? Lakini hayo yote yanapima kitabu. Kitabu kinaweza kuwa kizuri na mwenyewe hajui kitu. Kinaweza hata kuwa si yeye alikiandika: sote tunajua zile nyumba za kompyuta karibu na chuo, mbele wanapiga fotokopi, nyuma wanauza memwari.

Nipe nafasi nieleze mambo mawili yenye niliona kwa macho, juu bila mfano hii maneno inabaki hewani.

Mwaka mmoja tulikuwa na dada mmoja wa G3, mwenye akili na mwenye mikono. Jaribio lake: aina 4 za maharagi, bloki 3, vipande 12 vya mita 2 kwa 3. Wiki ya nane, mbuzi za jirani ziliingia usiku na kumaliza kipande kimoja cha bloki ya pili. Asubuhi alifika, akasimama kidogo, kisha akafungua kaye. Akaandika tarehe, namba ya kipande, mimea ngapi imebaki, uzio umekatika upande gani. Akaangalia kipande cha pembeni, akakuta mbuzi zimegusa mistari miwili ya mwisho, na akaamua palepale kwamba kile kipande atavuna mistari ya katikati tu, na vingine vyote vilevile, ili vilingane. Hakuna mtu alimwambia. Kwangu mimi, ule mwaka wote, ile saa moja ya asubuhi njo alikuwa mtafiti.

Siku ya kutetea, jedwali lake lilikuwa na namba 12, safi kabisa. Asistanti mmoja alikuwa amemshauri ajaze kile kipande kwa wastani wa vile viwili vingine vya aina ileile, "juu juri haipendi mashimo kwenye jedwali." Mbuzi hazikuonekana fasi yoyote katika kitabu. Alipata distinksyo. Hakuna mtu alimuuliza swali lenye lingeonyesha kile alijifunza kweli, wala lile somo baya lenye alipewa mwishoni, kwamba shimo linafunikwa.

Na chenye kinaumiza ni kwamba kipande kilichopotea kiko na dawa yake tangu 1933. Frank Yates, mwenye alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha Rothamsted kule Uingereza, alionyesha ginsi ya kukadiria mavuno ya kipande chenye hakikuvunwa. Kuko sharti moja: ile namba haukuipima, basi inakugharimu digrii moja ya uhuru. Kwa aina 4 na bloki 3, digrii za uhuru za makosa ni 6; ukipoteza kipande kimoja, zinabaki 5. Ukijaza kimyakimya, unafanya hesabu na 6 zenye hauna. Juri ingeuliza swali moja tu, "vipande vyote 12 vilivunwa?", na tungejua mambo mingi juu ya yule dada, na juu ya asistanti wake pia.

Bloki zenyewe, kupigia vipande kura, kurudia: hayo yote yamezaliwa shambani. Ronald Fisher aliingia Rothamsted mwaka wa 1919, na kitabu chake juu ya kupanga majaribio kikatoka 1935. Sisi watu wa agronomi tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa juu ya nini tunafanya hivyo. Kumbe kwetu imekuwa kama sala yenye unakariri bila kufikiri: bloki kamili zenye kupigiwa kura, marudio matatu, amina. Kila mwanafunzi wa staji namuuliza: juu ya nini bloki zako zimelala hivi na si vile? Wengi wanajibu kwamba memwari ya mwaka uliopita ilifanya hivyo. Mmoja alinyoosha kidole akanionyesha mteremko: juu udongo mwekundu na mchache, chini mweusi, kwa hiyo kila bloki inakata mteremko ili ndani yake udongo ufanane. Kile kidole kilikuwa na uzito kuliko kurasa zake zote za metodolojia. Lakini nani anapimaka kidole?

Tuendelee kidogo na hesabu, juu pale njo pesa ya mkulima inapotelea. Kipande cha mita 2 kwa 3 ni mita mraba 6. Ukivuna gramu 900, unazidisha, unaandika kilo 1500 kwa hektari. Vizuri. Lakini mizani yako ikikosea gramu 100, kwenye hektari kosa linakuwa kama kilo 167. Nimeona hitimisho zenye zinatangaza aina moja imeshinda nyingine kwa tofauti ndogo kuliko hiyo, na juri inapiga makofi.

Jambo la pili ni kijana mmoja mwenye alijaribu mboji kwenye mahindi: tani 0, 5, 10 na 20 kwa hektari. Alivuna, akapima, akarudia hesabu mara tatu: mavuno karibu yote sawa. Alikuja kwangu na uso wa msiba. Nilimtuma kwa mama mwenye shamba. Mama akamwambia, "Mwanangu, hapo tulifungaka ngombe miaka miwili, mbele wazichukue wakati wa vita." Basi udongo ulikuwa tayari umeshiba. Kijana aliandika yote hayo kwenye sehemu ya mjadala, tena vizuri, na akaongeza kwamba mwenye kutaka kujaribu mboji aanze kwa kuuliza historia ya shamba na kupima udongo. Mmoja wa juri akafunga kitabu na kusema: "Kwa hiyo kazi yako haina matokeo." Akatoka na satisfaksyo.

Satisfaksyo kwa mwenye aliambia watu ukweli wa shamba, distinksyo kwa jedwali lenye lilificha mbuzi. Sisemi juri ni watu wabaya. Nasema fishi yao haina fasi ya kuandika kile huyu kijana alikuwa anajua.

Na matokeo ya hayo hayabaki chuoni. Mwanafunzi anatoka pale anajua kwamba kazi nzuri ni ile yenye inaonyesha tofauti. Kesho ONG inamwajiri, inamtuma kujaribu mbegu mpya ao mbolea fulani, na bosi anangoja ripoti. Ataiona tofauti, hata kama haiko. Halafu mama mmoja wa Kabare ao wa Walungu anauza kuku zake kununua mfuko wenye shamba lake halikuomba.

Mtu ataniambia: basi, waulizeni wanafunzi wenyewe kama wamejifunza. Njo vile walianza kufanya Marekani, na inafaa tuangalie ilifika wapi, juu kule wameandika mingi juu ya utafiti wa wanafunzi wa miaka ya kwanza. Chuo cha MIT kilianzisha programu yake mwaka wa 1969. Mwaka wa 1998 tume ya Boyer ikasema vyuo vikubwa vya utafiti vifundishe kwa njia ya utafiti tangu mwaka wa kwanza. Kisha wakatafuta namna ya kupima faida. David Lopatto, wa Grinnell, alitunga maswali yenye mwanafunzi anajipimia mwenyewe: nimeongeza kuelewa namna utafiti unafanyika, nimeongeza kuvumilia vikwazo, na mengine kama hayo. Elaine Seymour na wenzake wa Colorado walikaa na wanafunzi 76 wa vyuo vinne, wakawasikiliza, na mwaka wa 2004 wakatoa kazi yao. Karibu wote waliongea mazuri: kujiamini, kufikiri kama mwanasayansi, kujua kama hii njia ni yangu ao si yangu.

Napenda ile kazi ya kusikiliza, juu ndani yake kuko kitu chenye kinatuhusu sana. Wanafunzi wengi walisema wamejua kuchambua namba. Wachache tu walisema wamefikia kuunda swali lao wenyewe na kupanga jaribio la kulijibu. Na wale wako na labo, na umeme haukatike!

Lakini kujipimia mwenyewe kuko na mpaka wake. Mwaka wa 2015, Marcia Linn na wenzake walipitia tafiti 60 juu ya jambo hili, kwenye gazeti la Science, wakakuta zaidi ya nusu zinategemea maswali ya kujijibia ao mahojiano, na wakasema wazi kwamba hiyo ni njia mbaya ya kuonyesha matokeo. Sisi tunaelewa haraka juu ya nini. Uliza yule dada wa mbuzi siku moja baada ya kutetea: umejifunza? Mingi sana! Uliza kijana wa mboji: umejifunza? Atakuambia alipoteza mwaka. Majibu yao yatafuata pointi zenye walipewa, na pointi zilifuata jedwali. Tutakuwa tumepima furaha.

Kuko pia jambo la kalenda, lenye nashangaa hakuna anayelisema kwenye mikutano ya fakilte. Hapa Kivu, saizoni A inaanza mwezi wa tisa. Masuje ya utafiti yanatoka mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, hata wa pili. Kwa hiyo kila mtu anakimbilia saizoni B. Asistanti akichelewa kusoma projeti yako, unapanda mwisho wa mwezi wa tatu, na maharagi yako yanajaza mbegu wakati mvua inaaga. Nani alishindwa hapo, mmea, mbolea ao sahihi ya mtu? Muhogo ni mbaya zaidi. Unahitaji karibu mwaka mzima ardhini. Mwanafunzi iko na miezi minne. Basi anapima urefu wa shina na anahesabu majani, lakini kichwa cha kitabu kinabaki kinasema "mavuno". Mimi ningefurahi kusikia juri inauliza: kwa hii miezi minne, ni maswali gani ungeweza kujibu kwa uaminifu, na gani hapana? Mwenye anajua kukata swali lake lilingane na muda wake, huyo amejifunza kitu chenye kitamsaidia maisha yote.

Tuko na mfano mkubwa wa swali zuri hapahapa kwetu. BXW, ile bakteria yenye kunyausha migomba, ilionekana Masisi mwaka wa 2001, ikashuka mpaka Kivu ya Kusini. Ushauri wa kwanza ulikuwa kungoa shina zima na watoto wake wote. Mwenye aliisha kungoa migomba anajua ile kazi. Watu walikataa, ao walifanya nusu. Watafiti wakauliza swali lenye mkulima alikuwa tayari anauliza kwa miguu yake: lazima yote? Wakajaribu kukata mgomba mgonjwa tu, chini kabisa, na kurudia kila mara dalili zikionekana. Ilisaidia, juu bakteria haifikie kila mtoto wa shina. Ushauri ukabadilika. Kwa lile swali la kwanza hakukuhitajika mashine. Ilihitajika mtu mwenye hakukariri ushauri, mwenye alienda kuutazama shambani. Nataka kujua kama chuo chetu kinamtengeneza mtu kama huyo, na fishi ya leo haiwezi kuniambia.

Sasa tufanye nini? Kuko wenye wanasema, kwa vile LMD imeingia, tuondoe hii kazi kabisa kwenye lisansi, wanafunzi wafanye staji na ripoti fupi, basi. Naelewa uchovu wao. Tangu LMD ilienezwa mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu na kredi 180, na prof mmoja anabaki na rundo la wanafunzi wa kuongoza. Lakini ukiondoa, yule dada hatafika tena shambani asubuhi ya mbuzi, na ile asubuhi hakuna kozi inaweza kuifundisha. Kredi zimewekwa kuhesabu kazi ya mwanafunzi, si saa za mwalimu peke yake. Basi tuhesabu ile kazi.

Mimi ningeanza na kaye ya shamba. Iwekwe mezani siku ya kutetea, pamoja na kitabu, na iwe na pointi zake. Juri ifungue ukurasa wowote: "Tarehe 14 mwezi wa ine, eleza hapa kulitokea nini, na juu ya nini uliamua hivi." Mtu mwenye alilipa kitabu chake kwenye nyumba ya kompyuta hataweza kupita hapo. Najua, kaye pia inaweza kuandikwa usiku mmoja. Lakini kaye ya uongo inajionyesha: biki moja tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna tope, hakuna siku moja ya mvua yenye iliharibu mpango. Shamba haliko hivyo.

Halafu juri imwonyeshe jedwali dogo lenye hajaliona, la jaribio la mtu mwingine, na imuulize: unaweza kusema nini hapa, na nini hauwezi? Dakika tano zinatosha. Lilelile jedwali lingetolewa mwanzoni mwa mwaka, mbele ya utafiti, na majibu yakahifadhiwa, kisha likatolewa tena mwishoni. Hapo tungekuwa na kitu cha kulinganisha, si kusikia tu "nimejifunza mingi". Haiombi pesa ya mfadhili. Inaomba karatasi na mtu wa kuzihifadhi, na hapo natabasamu kidogo, juu karatasi za kuhifadhi kwetu ni hadithi ndefu.

Prof moja nilimwambia haya, akanijibu kwamba juri haina muda, watu 8 wanatetea siku moja, na mchana kuko chakula chenye familia zimeandaa. Ni kweli. Lakini muda uko. Uko kwenye herufi za kuinamisha. Mtu mmoja anaweza kusahihisha zile mbele ya siku, na kalamu nyekundu, nyumbani kwake.

Kwetu kwenye kikundi tumeshaanza kitu kidogo. Mbele mwanafunzi arudi chuoni na mifuko yake, anakaa chini ya muavokado na wakulima wenye walimsaidia kulima, na anawaeleza amepata nini. Hakuna PowerPoint. Saizoni B iliyopita, mzee mmoja aliuliza: "Sawa, hii aina imeshinda. Lakini mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri. Ikikatika mapema, itashinda tena?" Mwanafunzi akanyamaza, akafungua kaye yake, akarudi kwenye tarehe za mvua. Kisha akasema: "Mzee, jaribio langu haliwezi kujibu hiyo. Nimepanda saizoni moja tu, na fasi moja." Mzee akasema vizuri, basi yeye atapanda mistari mitano kwanza, aone. Wakapeana mkono. Wiki tatu baadaye yule kijana alitetea, na hakuna mtu alimuuliza juu ya mvua.